Kuita na Kusema: Historia ya Peramiho kwa Masikio

Historia ya Peramiho imeandikwa zaidi kwa macho. Ukifika pale, kilomita kama 24 magharibi ya Songea mjini, unaonyeshwa matofali: kanisa kubwa la abasia, hospitali ya Mtakatifu Yosefu, karakana, kiwanda cha uchapaji, shule. Picha za zamani nazo ni za kuta na za watu waliopangwa mbele ya kuta. Sikatai, kuta zile zina mengi ya kusimulia. Ila kuna historia nyingine ambayo haijapigwa picha: ya sauti zilizopita juu ya kuta hizo, nani alizipeleka, na zilimfikia nani. Nimeanza kuifuatilia kwa sababu ya jambo la kawaida kabisa, yaani spika. Siku hizi kila duka, kila baa, kila nyumba ya ibada na kila gari la mnada lina spika nje, na bado tunaulizana, "Amesemaje?"

Nianzie mbali kidogo. Kabla ya umeme, jamii zetu zilikuwa na vyombo vya kuvusha sauti mbali kuliko koo la mtu linavyoweza. Kulikuwa na ngoma, na kulikuwa na mbiu, ile pembe ya mnyama inayopulizwa na mtu aliyetumwa. Kila Mswahili anajua kwamba la mgambo likilia lina jambo. Sasa hebu tuutazame usemi huo vizuri. Haudai kwamba likilia mgambo utalijua jambo. Unadai tu kwamba jambo lipo. Kulijua, sharti uache jembe, uende uwanjani, ukalisikie kwa mdomo wa mtu. Mbiu kazi yake ilikuwa kuita, na kusema kulifuata baadaye, watu wakiwa wamekaribiana. Hizo ni kazi mbili, na wazee hawakuzichanganya.

Mwaka 1898 wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, walianzisha misheni Peramiho, katikati ya nchi ya Wangoni. Wabenediktini ni watu wa saa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inamtaka mtawa aache alichoshika mara tu asikiapo ishara ya sala. Kwa hiyo ilipokuja misheni ilikuja kengele, na kengele ilileta siku ya namna mpya. Siku ya mkulima ilikuwa ya jua na mvua. Siku ya misheni ilikatwa vipande: sala, kazi, darasa, chakula, sala tena. Hata mtu ambaye hakubatizwa, aliyekaa bondeni na mambo yake, aliisikia kengele akajua saa za wengine. Hakuulizwa kama anataka kujua. Hapo ndipo ninapoona mwanzo wa swali linalotusumbua hadi leo: sauti ya mahali pa watu wengi humfikia hata asiyehusika.

Uhusiano huo haukuwa wa amani siku zote. Agosti 1905, Spiss, wakati huo akiwa askofu, aliuawa pamoja na wenzake njiani kuelekea Peramiho, katika siku za mwanzo za Vita vya Maji Maji. Mwezi uliofuata misheni yenyewe ilichomwa moto. Ukoloni ulijibu kwa njaa na kwa kitanzi: Februari 27, 1906, machifu na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea, na makumbusho ya pale mjini yanatunza habari yao. Misheni ikajengwa upya, kengele ikarudi. Siwezi kuisikia kengele yoyote ya Peramiho bila kukumbuka kwamba mlio wake uliwahi kukataliwa kwa moto, halafu ukazoeleka, na leo wajukuu wa walioukataa ndio wanaovuta kamba.

Kuna sababu kengele hutundikwa juu, na sababu hiyo ni ya kifundi kabla ya kuwa ya heshima. Sauti inayosafiri chini chini hugongana na kuta, miti na miili ya watu. Ikitoka juu inapita bila vizuizi. Wenyeji wanajua pia kwamba kengele ya alfajiri husikika mbali kuliko ya adhuhuri, na wengine husema ni kwa sababu dunia bado imelala. Ukimya unasaidia, ni kweli, lakini hewa nayo ina mkono wake. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Songea ikiwa kali, hewa ya chini huwa ya baridi kuliko ya juu, na hali hiyo huikunja sauti irudi ardhini. Mchana jua likishapasha udongo, mambo hugeuka: sauti hukunjwa kwenda juu na kupotelea angani. Ndiyo maana mtu wa kijiji cha ng'ambo huisikia kengele ya kwanza kana kwamba iko uani kwake, na ya saa sita asiisikie kabisa.

Kwa kuita, mnara unafaa sana. Kengele haina maneno ya kupotea njiani. Ikifika imekwaruzwa na upepo bado ni kengele, na ujumbe wake ni uleule: njooni.

Shida ilianza pale mnara ulipopewa kazi ya kusema.

Chombo chenyewe kina miaka kama 110 tu. Mwaka 1915 Peter Jensen na Edwin Pridham, wahandisi wawili waliokuwa wakifanya kazi Napa, California, waliunganisha kifaa cha umeme cha kutoa sauti na pembe ya gramafoni, na mkesha wa Krismasi wa mwaka huo wakakijaribu mbele ya umati San Francisco. Kampuni yao ikaitwa Magnavox, maana yake kwa Kilatini ni sauti kubwa. Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson alihutubia zaidi ya watu 30,000 katika uwanja wa San Diego akiwa ndani ya kibanda cha kioo, sauti yake ikibebwa na pembe mbili. Mtazame vizuri: kiongozi amefungiwa kwenye kioo, watu wako mbali, kati yao ni pembe. Hapo mtu mmoja alizungumza, wala hakuita tu, na maelfu kwa pamoja. Pembe ile ni mjukuu wa mbiu. Hata honi tunazozitundika leo ni pembe iliyokunjwa ndani ikawa fupi, na mafundi wetu huziita hivyo hivyo, honi.

Huku kwetu sauti ya umeme ilifika zaidi kwa njia nyingine, na njia hiyo ina funzo. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, redio ndogo ya wakoloni, ambayo kwa hatua kadhaa ilikuja kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio haikuwekwa juu ya mnara wa kijiji. Mnara ulikuwa wa mitambo ya kurushia, uko mbali huko. Kijijini kilichofika ni kisanduku chenye spika ya upana wa kiganja, kinachokula betri, kimewekwa kwenye kigoda au kimetundikwa kwenye nguzo ya baraza. Waliotaka kusikia walisogea.

Serikali iliuona uwezo wa kisanduku hicho. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2, wengi wao wa vijijini, waliketi katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana na kiongozi wao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wanaosoma historia ya elimu ya watu wazima duniani bado wanazitaja kampeni hizi. Wengi husifu vijitabu na siasa ya wakati ule, nami sipingi. Naongeza jambo moja tu ambalo ni la masikio: taifa zima liliambiwa jambo refu, lenye hatua na vipimo, na likaelewa, kwa spika ndogo ndogo zilizokaa mita mbili au tatu kutoka kwa msikilizaji. Hakukuhitajika sauti kubwa. Kilichohitajika ni sauti iliyo karibu, na mtu wa kuulizwa ikiwa hujaelewa.

Songea iliendelea kuwa mji wa redio. Radio Maria Tanzania, inayosikika leo karibu nchi nzima, ilianzia huko mwaka 1996. Umeme ndio uliokuwa wa shida. Kwa miaka mingi mkoa wa Ruvuma uliishi kwa majenereta ya dizeli na mitambo midogo ya maji, na mashirika ya kitawa yalitangulia katika hilo: masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma. Mwaka 2018 ndipo njia kubwa kutoka Makambako ilipoiunganisha Songea na gridi ya taifa. Umeme ulipotulia, spika zikamiminika. Amplifaya za Ahuja kutoka India, ambazo zamani ulizikuta kanisani, msikitini au kwenye gari la chama, zikawa kitu cha kila mwenye biashara. Anayesajili laini za simu ana spika. Anayeuza nguo za mtumba ana spika yenye sauti aliyoirekodi inayojirudia kutwa. Kwenye baa ni masanduku mawili marefu kama kabati, yameelekezwa barabarani ili wapita njia wajue kuna muziki.

Na kila mmoja, akipata fedha kidogo, anafanya lile lile: ananunua kubwa zaidi na kuipandisha juu zaidi. Hapo ndipo tuliporithi mnara bila kurithi akili ya mnara.

Nilisimama mwaka mmoja katika uwanja wa kijiji, sitakitaja, siku ya mkusanyiko mkubwa. Honi mbili zilikuwa zimefungwa kwenye nguzo ndefu, moja kila upande wa uwanja, kama mita mia moja kati yao. Mhudumu wa afya alikuwa anatangaza siku na mahali pa kuleta watoto kwa chanjo. Sauti ilikuwa kubwa hadi kifua kilitetemeka. Kila neno lilikuja mara mbili: kutoka honi ya karibu, kisha theluthi moja ya sekunde baadaye kutoka ya pili, juu ya neno lililofuata. Akina mama waliokuwa mbele yangu waligeukiana.

"Amesema Jumanne au Jumatano?"

"Mie nimesikia ya tarehe, siku sijaisikia."

"Basi tumuulize akishuka."

Aliposhuka, wakamzunguka kama kikundi cha redio cha 1973, wakamuuliza, akawajibu kwa sauti yake ya kawaida. Wale waliokuwa nyuma walishaondoka. Kati yao bila shaka wako waliobeba watoto nyumbani na siku isiyo sahihi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana wanaonunua spika wanastahili kuambiwa ukweli huu kabla ya kutoa pesa. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Tuseme unataka mtu wa mwisho, aliye mita 64 kutoka kwenye honi, apate desibeli 75, ambazo zinatosha kuelewa maneno hata watoto wakipiga kelele. Rudi nyuma kwa hesabu: mita 32 ni 81, mita 16 ni 87, mita 8 ni 93. Mtu wa mbele anaumizwa ili wa nyuma asikie. Na sauti haiishii kwa mtu wa mwisho. Mita 512 kutoka honi, yaani nusu kilomita, bado kuna desibeli kama 57, karibu sawa na mtu anayezungumza nawe chumbani. Peramiho, nusu kilomita ni umbali wa kutoka shughuli moja hadi kitanda cha mgonjwa.

Badala yake weka spika ndogo nane zilizosambazwa, kila moja ihudumie watu walio ndani ya mita 8. Kila mtu anapata zile 75, wa mbele na wa nyuma. Kule nusu kilomita, zote nane kwa pamoja zinafika kama desibeli 48. Tofauti ya desibeli 9 sikio la binadamu huihesabu karibu nusu ya sauti. Umewasemesha watu walewale, na mgonjwa umempunguzia nusu ya kelele.

Jambo hili si jipya. Kanisa Kuu la St. Paul's, London, lina mwangwi ambao kwa karne nyingi uliyameza mahubiri. Mwaka 1951 wataalamu Parkin na Taylor waliliwekea mfumo uliokuja kuwa mfano. Hawakupandisha nguvu. Walitumia spika za nguzo, yaani spika kadhaa zilizopangwa kwa safu ya wima ndani ya sanduku jembamba, ambazo hutupa sauti mbele kwa watu na kidogo tu darini. Kisha wakazichelewesha spika za nyuma ili sauti yake itoke pamoja na ile inayofika kwa hewa kutoka mbele. Mjerumani Helmut Haas alikuwa ameonyesha mwaka 1949 huko Göttingen kwamba sauti ya pili ikichelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, hadi kama 30 kati ya 1,000, sikio huiunganisha na ya kwanza. Ikichelewa zaidi sana, maneno huanza kukanyagana. Sehemu 30 za sekunde ni mita 10 hivi za safari ya sauti. Zile honi zangu mbili za uwanjani zilikuwa zimeachana mara kumi ya hapo.

Kanisa lolote kubwa la matofali huku kusini lina tatizo la St. Paul's kwa kiasi chake, na uwanja wake wa nje, siku za sikukuu watu wanapofurika, una tatizo la San Diego. Dawa ni ileile. Spika zikae chini kiasi, mita tatu au nne, zikiinamishwa kwenye vichwa vya wasikilizaji wa mwisho wa eneo lake, zisielekezwe kwenye upeo wa macho. Kuinamisha kunasaidia pia mvua isiingie, na mdomo wa honi usiwe mtaro. Zote zitazame upande mmoja, kutoka kwa msemaji kwenda kwa watu, zisitazamane. Migongo yake ielekee wodi, darasa na nyumba za watu. Penye muziki tumia masanduku, maana honi ndogo haiwezi kutoa sauti nzito, na ndiyo sababu kwaya kupitia honi husikika kama imefungiwa ndani ya debe.

Waya nao una historia yake ya hasara. Fundi akivuta waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 mita mia moja, kwenda na kurudi waya wenyewe una ukinzani wa omu karibu 4.6. Akiunganisha spika ya omu 8, zaidi ya theluthi moja ya nguvu aliyoinunua inaishia kupasha waya. Nyuma ya amplifaya hizohizo za Ahuja kuna tundu lililoandikwa 100V, ambalo wengi hawaligusi. Ukitumia hilo, na spika zenye transfoma yake, hasara kwa spika ya wati 30 inashuka hadi chini ya asilimia 2, na unaweza kufunga spika nyingi kwenye waya mmoja. Yaani chombo cha kusambaza sauti kwa upole tunacho tayari, kiko nyuma ya kisanduku, kimejaa vumbi.

Sheria ipo pia. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za 2015, na mwaka 2023 NEMC ilifungia baa na kumbi nyingi kwa kelele. Wenye baa walilalamika, majirani walishangilia, kisha mjadala ukapoa. Sheria hupima ukubwa wa sauti, na inafaa ifanye hivyo. Haina kipimo cha kama akina mama wameijua siku ya chanjo. Unaweza kuwa ndani ya viwango vyote na bado hujamwambia mtu kitu.

Kuna watakaosema kwamba sauti ya juu ni heshima, kwamba sherehe bila honi ni msiba, na msiba bila honi ni wa maskini. Nawaelewa. Ngoma ya lizombe haipigwi kwa kunong'ona, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka iwe hivyo. Furaha iite, kengele ziite, ngoma iite hadi ng'ambo ya bonde. Kuita kuna saa zake, na watu wakijua saa hizo huvumiliana. Ninachodai ni kwamba tukishaitana na kukusanyika, tubadilishe chombo. Tangazo la maziko, bei ya mbolea, siku ya kliniki, jina la mtoto aliyepotea sokoni: haya ni maneno, na neno huhitaji ukaribu.

Wazee wa mbiu walilijua hilo bila kipimo cha desibeli. Walipuliza mara moja, wakangoja watu wafike, kisha mjumbe akasimama katikati yao akasema, na aliyekuwa hajasikia akanyoosha mkono.